Mbwa wa Malaba na kiazi kitamu

WAHENGA wetu wa pwani walisema ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Mimi, msomaji mpenzi, nimecheza na mbwa, na Alhamdulillahi msikitini bado naingia peke yangu. Lakini ninalotaka kukusimulia leo limepita kucheza. Mimi nampikia mbwa. Nampikia viazi vitamu na boga, nampikia kwa makaa ya juu na makaa ya chini kama mama zetu wapikavyo mkate wa kumimina, na vikiiva navikata vipande vidogo vidogo nikavihifadhi koponi.

Dada yangu aliyeko Mombasa alipoipata habari hiyo alinipigia simu usiku. "Kakangu," akaniuliza, "ni kweli haya tunayoyasikia, kwamba huko bara umefika hadi ya kumwokea mbwa biskuti?"

Nikamjibu kuwa ni kweli. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na watu je, wameshiba?"

Swali hilo lilinichoma, maana ni swali la haki. Sikuweza kumjibu kwa simu, kwa kuwa jibu lake ni refu na ndani yake mna mtoto aliyenusurika na mbwa aliyekufa. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

MALORI NA WEZI

Kwa yule asiyefika Malaba, na afahamu kuwa ni zaidi ya kilomita 900 kutoka Mombasa, mahali ambapo barabara ya Kenya inakwisha na ya Uganda inaanza. Malori yenye shehena iliyoshushwa Kilindini hupanga foleni hapa yakingoja kuvuka kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo. Kusini yake uko mji wa Busia wenye kituo chake cha mpaka, kile kilichofunguliwa rasmi na marais wa nchi mbili mwezi wa Februari 2018. Hata neno hili la "boda boda", ambalo siku hizi hutumika kila mahali, lilizaliwa katika mpaka huu, wakati vijana walipokuwa wakiwapakia wasafiri kwa baiskeli kutoka boda moja hadi boda nyingine.

Mimi nilikuja kwa kazi ya kutoa mizigo forodhani. Nilipanga chumba katika uwanja wa mama mmoja wa Kiteso, uwanja mpana ambao madereva, wengi wao watu wa pwani kama mimi, huegesha malori yao usiku. Sasa, palipo na malori pana dizeli na betri, na palipo na dizeli na betri hapakosi wezi. Tukakubaliana kuwa uwanja unahitaji mbwa.

Nilisita. Sisi tulio wengi huku pwani twafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na kwetu sisi mate ya mbwa ni najisi nzito, huoshwa mara saba na moja katika hizo kwa udongo. Nikamwendea imamu mmoja nikamweleza shida yetu. Alinikumbusha hadithi ya Mtume (S.A.W.) kwamba afugaye mbwa pasipo haja hupungukiwa na thawabu kila siku, isipokuwa mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo au wa shamba. Akaniambia kuwa wako wanazuoni waliompima mbwa wa ulinzi kwa kipimo hicho hicho. Thamani ya mbwa kwetu ni haramu, basi nisimnunue bali nimpokee kama nikipewa. Kisha akaniongezea neno ambalo sikulitilia maanani siku ile: "Ukimfunga mnyama, chakula chake kimekuwa juu ya shingo yako. Yule mwanamke wa katika hadithi aliadhibiwa kwa sababu ya paka tu, aliyemfungia asimlishe wala asimwachie ajitafutie."

SIMBA

Mbwa wa kwanza tulipewa na jirani. Watoto wa uwanjani walimwita Simba, na kwa kweli alikuwa na sauti ya kustahili jina hilo. Wezi walihama. Lakini mimi nilimweka mbali nami kama vile kumweka mbali ndiyo dini yenyewe. Jioni nilimtupia mabaki ya ugali kwa mbali nikaondoka. Siku ambayo hapakuwa na mabaki, alikwenda kujitafutia mwenyewe kwenye jaa na nyuma ya machinjio, akirudi usiku wa manane. Sikuwahi kumgusa, wala yeye hakuwahi kukubali kuguswa na mtu yeyote.

Ikaja siku ya chanjo. Maafisa wa mifugo walikaa chini ya mwembe katika uwanja wa shule, na watoto wakaja kutoka kila njia wakivuta mbwa kwa kamba za katani, kwa minyororo, wengine kwa mishipi ya suruali. Sisi tulijaribu kumkamata Simba asubuhi nzima. Watu wazima watatu tulimzunguka na kamba, akatupenya, akaruka ua, na hakuonekana mpaka maafisa wakafunga masanduku yao wakaenda zao. Nikasema, aah, mwaka ujao.

Mwaka ujao haukufika. Miezi michache baadaye mbwa mgeni, amedondokwa na mate na macho yamemtoka, aliingia uwanjani mchana kweupe. Simba alimkabili wakaumana. Mjukuu wa mama mwenye nyumba, kijana wa miaka minane, alikuwa akitoka kisimani, na yule mbwa mgeni alipomwachia Simba alimrukia mtoto akamng'ata katika shavu la mguu.

Namshukuru Mungu kwamba dereva mmoja aliyekuwapo alijua la kufanya. Aliuosha mguu ule kwa sabuni na maji ya kumimina, akauosha robo saa nzima mtoto akilia, wala hakuruhusu mtu apake mafuta ya taa au majani. Kisha tukaanza kutafuta sindano. Hospitali ya kwanza tuliambiwa dawa imekwisha. Tuliipata mahali pa pili, jioni, na mtoto akarudishwa tena na tena kwa siku alizoandikiwa hadi akamaliza dozi. Alipona. Lau kama ugonjwa ungalimshika, hapana daktari ambaye angaliweza kumponya, kwani kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kaburi.

Simba hakuwa na chanjo na alikuwa ameumwa na mbwa mwenye dalili zote za kichaa. Afisa wa mifugo alinieleza kwa upole kwamba nyumba yenye watoto haiwezi kuthubutu kumweka. Aliuawa siku ile ile. Nilisimama nikaona, na lile neno la imamu likanirudia.

KOSA LANGU LILIKUWA WAPI

Nilipotulia nilianza kuulizauliza. Nikaelezwa kwamba duniani watu wapatao 59,000 hukisiwa kufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, wengi wao Afrika na Asia, na wanne katika kila kumi ni watoto wasiofika miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Nikaelezwa pia kwamba dawa ya kuumaliza ugonjwa huu haiko katika kuua mbwa, kwa sababu ukiua hawa huja wengine. Dawa ni chanjo: mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, na kazi ikarudiwa mwaka hata mwaka, ugonjwa hukosa pa kupita. Kenya ilijiwekea mpango huo mwaka 2014, shabaha ikiwa kuumaliza ifikapo 2030.

Na msomaji asidhani kwamba jambo hili haliwahusu Waislamu wa visiwani na pwani. Kisiwa cha Pemba, ambacho wakazi wake karibu wote ni ndugu zetu katika dini, kilichanja mbwa wake mpaka ugonjwa ukatoweka mwaka 2014. Ukaingizwa tena kutoka nje mwaka 2016. Wapemba wakarudia chanjo, na mwaka 2018 wakautoa kwa mara ya pili. Kama Pemba iliweza, Malaba itashindwaje?

Lakini chanjo yataka kitu kimoja ambacho hakimo katika masanduku ya maafisa. Yataka mbwa anayekubali kushikwa. Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Sikumpoteza Simba kwa kukosa dawa, kwa maana dawa ililetwa hatua mia kutoka mlangoni pangu. Nilimpoteza kwa sababu hapakuwa na mkono alioujua.

AMUKEKE

Mbwa wa pili alikuja bado mdogo, na watoto wakamwita Popi. Siku moja nilimwona yule yule mjukuu, mwenye kovu mguuni, amechuchumaa mbele yake na kipande cha amukeke. Waiteso wa pande zote mbili za mpaka huvimenya viazi vitamu, huvikata vipande na kuvianika juani, ndiyo hiyo amukeke. Wakati wa njaa huchemshwa ikaliwa kwa karanga au maharagwe. Popi alikuwa ameketi kimya kama mwanafunzi, akingoja. Nikamwuliza mtoto, "Mbona hakurukii?" Akanijibu, "Anajua akiketi nampa."

Nikaenda kwa bibi yake. "Mama," nikamwambia, "nifundishe kuandaa viazi vya mbwa."

Akacheka mpaka akashika mlango. "Mswahili wewe! Ulikuwa hutaki hata kumtazama, leo wataka kumpikia?" Lakini alinifundisha, na mengine nikayaongeza mwenyewe kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Nayaandika hapa kwa yeyote mwenye mbwa wa lindo.

Chukua viazi vitamu, hasa vile vyekundu kwa ndani kama karoti. Viazi hivi vimeenea sana Busia, na miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016 kwa kuvitafiti na kuvieneza alikuwamo Mganda, Robert Mwanga. Vina asili ya vitamini A, inayofaa macho ya watoto, na mbwa pia ananufaika nayo. Huhitaji vile vya kuuza. Vilivyokatwa na jembe na vidogo visivyopata mnunuzi vyatosha. Vioshe, vimenye, uvichemshe mpaka vianze kulainika, kwani kiazi kibichi humsumbua mbwa tumboni. Vikate vipande vyembamba, uvianike juu ya ungo, ukivifunika kwa chandarua dhidi ya nzi, siku mbili tatu za jua kali, mpaka vikunjike kama ngozi. Mbwa huvitafuna kwa muda mrefu na kwa furaha.

Biskuti nazo ni hivi. Ponda kikombe kimoja cha boga lililochemshwa. Tia vikombe viwili vya unga wa mtama au wa mahindi, yai moja, na konzi ya dagaa wakavu waliotwangwa, wale wa ziwani ambao huku huitwa omena. Usitie chumvi, sukari, mafuta wala kiungo chochote. Kanda mpaka ushikane, sukuma, kata kwa kizibo cha chupa. Panga katika sufuria iliyotandikwa mchanga chini na sahani ya bati juu yake, funika, weka makaa machache juu ya mfuniko na machache chini. Baada ya nusu saa au zaidi kidogo vitakuwa vimekauka. Kipande kidogo cha papai au tikiti lisilo na mbegu, ndizi mbivu au karoti iliyochemshwa pia hufaa.

Kuna wanaosema mbwa ni mla nyama tu, haya ya mboga ni upuuzi. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba mbwa, tofauti na mbwa mwitu wa kijivu aliyetokana naye, amebadilika katika damu yake hata akaweza kumeng'enya wanga. Miaka elfu nyingi ya kula makombo ya binadamu imemfanya hivyo. Hata hivyo viazi na biskuti ni vya kumzoeza tu, visizidi sehemu moja katika kumi ya chakula chake cha siku. Chakula chake kamili lazima kiwe na samaki, nyama au mayai ndani yake.

VYA KUEPUKA

Hapa nataka msomaji asome polepole, maana mkono wenye huruma waweza kuua. Usimpe mbwa kitunguu maji wala kitunguu saumu, kibichi au kilichopikwa, kwani huiharibu damu yake. Kwa hiyo mchuzi wetu na pilau si vyakula vyake. Usimpe zabibu, mbichi wala kavu, kwa sababu huua figo. Usimpe chokoleti wala chingamu isiyo na sukari. Kokwa la embe na la parachichi humkwama matumboni. Muhogo mchungu mbichi una sumu kwake kama ilivyo kwetu. Mifupa iliyopikwa hupasuka ikamchoma ndani, na matumbo mabichi ya machinjioni humtia minyoo ambayo baadaye huwarudia watu.

Huku mpakani liko na jingine. Majirani wengi huchacha pombe ya wimbi, na machicha yake humwagwa nje kwa nguruwe na mbwa. Pombe ni sumu kwa mbwa, hata kidogo. Basi lililoharamishwa kwetu, na yeye asionjeshwe.

USAFI WETU

Najua swali lililobaki kinywani mwa msomaji: na najisi je? Nitakueleza nifanyavyo. Sufuria ya Popi, kisu chake na kopo lake vimetengwa nje, havichanganyiki na vya nyumbani. Kipande namwekea juu ya jiwe lililo bapa au namnyoshea katika ncha ya kijiti, simtii mdomoni kwa mkono. Kumshika shingoni mkono ukiwa mkavu na yeye akiwa mkavu hakunitii najisi, kwa fundisho la madhehebu yetu. Nikipatwa na mate naosha kama tulivyofundishwa, kisha natia udhu wangu nikaenda kuswali. Chumbani haingii. Hayo ndiyo mambo yote, wala si magumu kuliko kufuga mbuzi.

Na kila nikiona uzito hukumbuka watu wa Pangoni, ambao Qurani yenyewe ilimtaja mbwa wao amenyosha miguu yake kizingitini. Hukumbuka pia yule mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji katika kiatu chake cha ngozi, akakishika kwa meno akapanda nacho, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu. Mtume (S.A.W.) alitueleza kwamba Mungu alimghufiria kwa tendo lile. Mbwa yule hakuwa hata wake.

SIKU YA CHANJO

Kumzoeza Popi kulichukua wiki kadhaa. Kwanza alipata kipande kwa kuja akiitwa. Kisha kwa kukubali kuguswa shingo. Kisha kwa kuvishwa kamba, kisha kwa kushikwa mguu, kisha kwa kusimama kimya mgeni akimkaribia. Haraka haikutusaidia, kila tulipoharakisha tulirudi nyuma siku mbili.

Maafisa walipokuja tena na kukaa chini ya mwembe ule ule, yule kijana mwenye kovu alimwita Popi mara moja tu. Akaja. Akamtia kamba, nami nikawafuata nyuma na kopo langu. Palikuwa na kelele, mbwa wakibweka na kuvutana, mama mmoja ameangushwa na mbwa wake. Popi alitetemeka lakini aliketi. Kijana alimshika shingo, mimi nikaweka kipande cha kiazi juu ya jiwe mbele yake, na wakati anakitafuna sindano iliingia. Afisa aliandika kadi, akatupa, akaniuliza, "Mzee, mbwa huyu amefundishwa na askari?" Nikamwambia amefundishwa na mtoto huyu.

Nilimpigia dada yangu jioni ile. Nikamweleza yote, kuanzia Simba mpaka kadi. Nikamwambia, "Uliniuliza kama watu wameshiba. Shibe ya uwanja huu siwezi kuijibu, dada yangu, hiyo ni riziki ya Mungu. Lakini viazi ninavyompa mbwa ni vile vilivyokatwa na jembe, na mtoto wa watu yuko hai, na safari hii mbwa wa mlangoni pake hawezi kumletea mauti."

Akanyamaza tena kama siku ile. Mwishowe akasema, "Basi niambie, hizo biskuti huwekwa boga kiasi gani? Hapa kwetu yuko mbwa wa mlinzi, na watoto wanamwogopa."

Nikamwambia kikombe kimoja kwa unga vikombe viwili, na kitunguu asitie.